Jinsi Tulivyofunga Jalada la Bosi Masanja

Vijana wa ofisi wameniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, wakaniwekea masharti: isiwe ndefu, mawaidha yasizidi, na nisitaje mshahara. Hilo la mshahara halikuhitaji onyo. Ulikuwa mdogo kiasi kwamba hata ningeutaja msingeusikia. Vyeo navyo naviruka, maana nilipanda mara mbili tu, na ngazi zote mbili zilikuwa fupi.

Mimi ni Mpare wa Same. Watu wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Sikatai. Ila kama kuku ni wako, ni wako, na ng'ombe si mkubwa kiasi hicho. Tabia hiyo ndiyo iliyonidumisha kwenye kazi ya kodi, ambako kila anayeingia mlangoni amekuja kumgombania kuku wake.

Nilihamishiwa Bariadi mkoa ukiwa bado mchanga. Nilishuka kwenye basi mchana, na begi moja na jiko la gesi, nikamwomba mwendesha bodaboda anipeleke ofisi ya kodi. Akasema haijui. Bango la ofisi lilikuwa nyuma ya kisogo chake, hatua kama hamsini. Nikavuka barabara kwa miguu nikikokota jiko langu, na kufikia jioni nilikuwa nimeelewa kwamba mjini hapo ofisi yetu ilijulikana vizuri kuliko nilivyodhani.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kuishi tuliyoipanga. Meneja alikaa chumba cha kulala kikubwa. Mimi nilipewa meza sebuleni, penye wateja. Masjala ilikuwa jikoni. Majalada ya wanunuzi wa pamba yalikaa kwenye kabati la vyombo, ya wenye maduka juu ya sinki, na yale ya wadaiwa sugu ndani ya jiko la umeme ambalo halikuwahi kuunganishwa. Kati ya jikoni na sebule palikuwa na kidirisha cha kupitishia chakula, na kupitia hicho karani wa masjala, Mzee Budeba, alinipitishia majalada kama anayepakua ugali.

Mzee Budeba alikuwa Msukuma wa hapo hapo, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye mguu mmoja. Ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa kwenye karatasi mimi nilikuwa mkubwa wake. Siku ya kwanza alinisikiliza nikimhudumia bibi mmoja: jina, namba, biashara gani, sahihi hapa. Bibi alipoondoka, uso wa Mzee Budeba ukatokea kidirishani.

"Mama Mbwambo, kwenu hakuna salamu?"

"Nimemwamkia, mzee."

"Umesema shikamoo ukiwa unatafuta kalamu. Hapa mtu hakwambii shida yake mpaka umemuuliza hali yake, ya watoto, ya mvua na ya ng'ombe. Ukimkatisha, anakujibu maswali yako tu. Na maswali yako, mama, ni machache."

Basi nikajifunza mwangaluka ya asubuhi na mwadila ya jioni, nikajifunza kusema wabeja badala ya asante, na nikakubali kuitwa mayu, yaani mama, na watu wanaonizidi miaka ishirini. Foleni ikawa ndefu zaidi, lakini watu wakaanza kuniambia vitu ambavyo sijawauliza. Kwenye kodi huko ndiko kazi iliko.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Mhuri wa tarehe ulikuwa umekwama mwezi wa tano, nikawa nausukuma kwa pini ya nywele kila asubuhi. Mashine ya kutoboa karatasi ilitoboa tundu moja, la pili tulitoboa kwa msumari. Kompyuta zilikuwepo, umeme ulikuja ukijisikia. Mashine ya alama za vidole, ambayo wenzetu wa Shinyanga walikuwa nayo siku nyingi, sisi tuliahidiwa. Kumbukeni hilo la vidole.

Nakumbuka mzee mmoja aliyetoka Bukundi, kule Meatu, siku mbili njiani, na dume la ng'ombe. Alilifunga kwenye nguzo ya bango letu, akaingia, akasalimia mpaka mwisho, kisha akaomba tulipokee lile dume kuwa kodi yake na tumrudishie chenji.

"Baba, fomu haina nafasi ya ng'ombe," nikamwambia.

"Iandike pembeni."

Nilianza kumweleza sheria. Mzee Budeba akavua miwani, akatoka, akaongozana naye hadi mnadani. Saa tisa wakarudi bila dume, mzee akiwa na fedha mkononi na uso wa mtu aliyeshindwa kuelewa kwa nini serikali inapenda kuzunguka. Alilipa, akachukua risiti, akaikunja mara nane. Kwenye ripoti ya siku niliandika kwamba mlipakodi mmoja amehudumiwa.

Miongoni mwa watu niliowaandikisha miezi ile ya mwanzo alikuwemo muuza spea za baiskeli wa Dutwa. Ilikuwa Ijumaa, watu wamejaa mpaka barazani. Alikuwa mtu mpole wa miaka kama hamsini, mwenye mafuta ya cheni kwenye kucha. Jina, Masanja. Alikuja na barua ya mtendaji wa kata, ndefu, iliyoanza kwa salamu nyingi kwa meneja, kwa wafanyakazi wote na kwa mkoa wetu mpya. Nikaona mhuri wa mtendaji chini, nikaridhika. Nikafungua jalada, nikampa namba mpya ya mlipakodi, nikatia sahihi. Akasema wabeja mara tatu. Nilidhani ni adabu tu.

Miaka ikapita. Masanja alilipa kodi yake kila robo bila kusukumwa, na mlipakodi wa namna hiyo hatumtazami usoni. Kisha mashine ya vidole ikaja, pamoja na agizo la kuhakiki namba zote upya. Zamu ya Dutwa ilipofika, Masanja akaja na kofia yake ya vito, akaweka kidole. Mashine ikafikiri. Ikatoa picha ya mtu mwingine, mwenye kofia kama ile ile, jina Rajabu, duka la spea za baiskeli, Shinyanga mjini, anadaiwa kodi, faini na riba kwa miaka mitatu ya nyuma.

Nikamtazama yeye. Yeye akaitazama mashine.

"Anafanana na mimi sana," akasema.

"Mpaka kidole," nikasema.

Nikamketisha pembeni mpaka watu wapungue. Kisha nikamuuliza swali ambalo marekebisho yote ya ritani za zamani, zile taarifa za kodi za kila mwaka, huanzia hapo, kwa mtu yeyote aliyeishi mikoa miwili: miaka hiyo mitatu ulikuwa unaishi wapi na duka lako lilikuwa wapi?

"Inategemea anayeuliza, mama."

"Anauliza mwenye mhuri."

Akavua kofia, akaishika magotini. "Niliishi Dutwa. Duka langu ni hilo la Dutwa. Lakini mke wangu anajua nipo Dutwa kwa mtu."

"Kwa mtu gani?"

"Kwa bosi. Anaitwa Masanja."

Alinieleza yote, taratibu, akigeuza ile kofia. Jina lake ni Rajabu. Masanja ni babu yake, aliyekufa zamani. Duka lake la kwanza lilikuwa Shinyanga, kwenye fremu ya duka, katika nyumba ambayo mkewe, Mwajuma, aliirithi kwa baba yake. Mwajuma ana kaka watatu. Kaka wa kwanza alichukua matairi mawili, atalipa mwisho wa mwezi. Wa pili cheni na pedeli. Wa tatu alichukua baiskeli nzima, kipande kimoja kimoja. Na Rajabu hakuweza kuwakatalia, maana yuko kwenye ukuta wa baba yao. Duka lilipobaki na spoki tu, akalifunga, akamwambia mkewe amepata kibarua Dutwa kwa tajiri mmoja mkali.

"Kwa nini hukusema duka ni lako?"

"Wangekuja. Walikuja hata hivyo. Shemeji mkubwa alikuja kutaka tairi. Nikamwambia bosi hajaruhusu. Akaondoka." Alisema hivyo kama mtu anayesimulia muujiza. "Mama, mimi sijui kusema hapana, tangu utoto. Masanja anajua."

Mimi huwa nasema hapana kabla sijaulizwa, kwa hiyo nilimtazama kwa huruma, kama ninavyomtazama mtu asiyejua kuogelea.

"Na Shinyanga?"

Shinyanga hakwenda kuripoti kwamba amefunga. Duka lisiporipotiwa limefungwa, ofisi inakadiria kwamba linauza, na linauza vizuri. Hati za madai zilikuwa zinakwenda nyumbani kwa Mwajuma. Rajabu, ili zisilete maneno, alikuwa anatuma fedha kidogo kidogo kuzinyamazisha. Kwa hiyo mtu huyu alilipa kodi ya duka lililo wazi kwa jina la marehemu, na kodi ya duka lililofungwa kwa jina lake mwenyewe. Katika miaka yangu yote sijaona mwizi wa kodi aliyeipa serikali faida namna ile.

Nikamwandikia kinachotakiwa. Ritani za miaka mitatu za Shinyanga zirekebishwe, zionyeshe duka halikufanya kazi. Za Dutwa zihamishiwe kwenye namba yake halali. Jalada la Masanja lifungwe. Na kuthibitisha tarehe ya kufunga duka la Shinyanga, barua ya mwenye nyumba. Zikipita siku thelathini bila hivyo, madai ya pande zote mbili yanasimama, na duka la Dutwa linafungwa kwa kufuli letu.

"Mwenye nyumba ni nani?" nikauliza huku naandika.

"Mke wangu."

"Basi imekuwa rahisi."

"Imeisha, mama," akasema. "Mimi ndiye nimeisha."

Wiki tatu hakutokea. Wiki ya nne akaja mwanamke mmoja mnene, mtandio wa kijani, mkoba ameubana kwapani kama amebeba kuku. Tukasalimiana vizuri. Nikamuuliza hali ya huko atokako na ya mvua. Kisha akaniuliza:

"Hii ndiyo ofisi ya kushitaki mtu?"

"Hii ni ya kodi, dada."

"Ni hapa hapa. Nataka kumshitaki mwajiri wa mume wangu. Anaitwa Masanja wa Dutwa. La baba yake silijui, na sina hakika kama alikuwa na baba."

Jalada la Masanja lilikuwa mezani mbele yangu, wazi, na picha imebandikwa. Nikaweka sahani ya karanga juu yake.

Mwajuma alikuwa amejiandaa. Masanja hajampa mumewe likizo hata moja iliyotimia. Sikukuu ya Idi anamzuia, ati ahesabu spoki. Shangazi yake Mwajuma alipofariki, Masanja aliruhusu siku moja, na mume akafika watu wanaanua majamvi. Mshahara unachelewa. Sasa mume amempigia simu, kwa sauti ya mgonjwa, kwamba bosi anataka barua kutoka kwake kuhusu fremu. Barua ameiandika, iko ndani ya mkoba, lakini atampa Masanja mwenyewe, mkononi, amwone macho yake.

"Na mtu wa namna hiyo," akamalizia, "naapa hata kodi halipi."

"Analipa," nikasema.

Nikajiuma ulimi. Tunakula kiapo cha kutunza siri za walipakodi, nami nimekiheshimu miaka yote isipokuwa kwa neno hilo moja. Mwajuma akanitazama kwa jicho jembamba. Kidirishani, Mzee Budeba akakohoa.

"Dada Mwajuma," nikasema, "njoo kesho saa tatu asubuhi. Nitawaita wahusika."

"Masanja atakuwepo?"

"Atakuwepo." Na katika hilo sikusema uongo.

Alipotoka kwenda kwa ndugu yake alikofikia, nikampigia simu Rajabu. Nilimwambia maneno machache: kesho saa tatu, njoo na Masanja.

Mchana ule nikamwomba Mzee Budeba aniletee karatasi zote za mwanzo za lile jalada, ili kesho nisibabaike. Akazileta mwenyewe, hakuzipitisha dirishani. Akaketi kwenye kiti cha mteja na ile barua ya mtendaji wa kata, ndefu, yenye salamu.

"Hii uliisoma, mama?"

"Niliisoma."

"Uliisoma mpaka wapi?"

Akanisomea. Salamu kwa meneja, salamu kwa wafanyakazi, pongezi kwa mkoa. Akageuza ukurasa. Nyuma, kwa mwandiko ule ule, mtendaji aliandika kwamba mleta barua jina lake halisi ni Rajabu, huku Dutwa anajulikana kwa jina la babu yake, Masanja. Kwamba ana jalada la biashara Shinyanga. Na kwamba anaomba lihamishiwe hapa ili asiwe na majalada mawili.

Mtu yule alikuja kuomba jambo sahihi kabisa, na mimi nikampa jambo lingine, nikatia sahihi na kugonga mhuri wa mwezi wa tano uliosukumwa na pini.

"Barua ya Msukuma jambo liko mwisho," akasema Mzee Budeba. "Nilidhani nilikwisha kukwambia."

"Ulinifundisha kuhusu salamu za mdomo tu."

Akaigeuza barua mikononi. "Nyuzi za majalada haya zimelegea. Karatasi huwa zinaanguka. Nyingine zinaingia nyuma ya jiko, hazionekani tena." Hakunitazama. Mpaka leo sijui alikuwa ananishawishi au ananipima, na yeye hakunieleza.

Sitawadanganya kwamba sikufikiria. Nilikuwa nimebakiza miaka michache, na jalada langu la utumishi lilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Barua ikipotea, kosa lote linabaki kwa Rajabu: ametoa taarifa za uongo, anapigwa faini, pengine na mahakama. Barua ikiwepo, kosa la kwanza ni la ofisi, yaani langu. Nilikaa nayo kama nusu saa. Kisha nikaitoa nakala, mbele na nyuma, nikaipeleka chumba cha kulala kikubwa.

Meneja aliisoma mpaka mwisho. Ilimchukua muda, salamu zilikuwa nyingi.

"Unajua hii ina barua ya onyo, mama."

"Najua."

"Na wewe umekaribia kustaafu."

"Ndiyo maana sitaishi nayo muda mrefu."

Hakucheka, lakini alichukua kalamu na kuandika pembeni kwamba mlipakodi asitozwe faini ya kuwa na namba mbili, kwa kuwa ofisi ilijulishwa.

Asubuhi yake Rajabu alifika saa mbili na nusu, amevaa suruali iliyopigwa pasi vikali, anatembea ameshika kiuno. Mgongo wake, aliniambia, unamsumbua miaka hii. Nikamwonyesha barua ya mtendaji na maandishi ya meneja.

"Wewe ulijua nimekosea?" nikamuuliza.

"Nilijua nimeomba moja nikapewa lingine. Lakini ulipogonga mhuri, nikaona serikali imeridhia niwe wawili."

Saa tatu kamili Mwajuma akaingia. Akamwona mumewe, akaangaza kote chumbani, akaketi. "Bosi wako hajafika?"

Hapo nikafanya jambo ambalo halimo kwenye mwongozo wowote. Niliweka jalada la Masanja mezani, limefungwa, upande wa Rajabu. Nikasema, "Mimi kwa kiapo changu siruhusiwi kumwambia mtu kilichomo humu ndani. Mwenye jalada anaruhusiwa. Naenda kunywa chai."

Nikaenda masjala. Mzee Budeba alikuwa ameshafungua kidirisha upana wa kidole. Najua mnachofikiri. Kiapo kinakataza kutoa siri, hakisemi lolote juu ya kuipokea.

Kwanza tukasikia sauti ya Mwajuma: "Masanja amechelewa."

"Hajachelewa," akasema Rajabu.

Tukasikia jalada linasukumwa juu ya meza, na karatasi zinafunuliwa.

"Hii picha ni yako."

"Ndiyo."

"Na jina hili?"

"La babu."

"Na bosi je?"

Tukasikia Rajabu anajisogeza kitini.

"Rajabu. Na bosi?"

"Hayupo. Hajawahi kuwepo. Duka ni langu."

Nilitegemea kelele. Mwajuma alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila Ijumaa mtu huyu nimemwombea dua mbaya. Kila Ijumaa ya Mungu."

"Dua gani?"

"Mgongo umuume."

Mzee Budeba akashika sinki kwa mikono miwili.

"Mwajuma," akasema Rajabu pole pole, "mimi mgongo wangu..."

"Najua mgongo wako. Nani anaukanda kila ukija nyumbani? Nauombea ugonjwa Ijumaa, Jumamosi naupaka mafuta ya nazi." Kisha tukasikia anapenga kamasi, na nikajua haikuwa tena kichekesho. "Nimekula mlo mmoja kwa siku, Rajabu. Nimesema mume wangu ni mtumwa wa mtu, nisimwongezee mzigo. Kanga sijanunua. Kwa nini hukuniambia kaka zangu wamekuchosha?"

"Ungefanya nini? Ni ndugu zako."

"Ningewafukuza. Mimi nalijua neno hapana, nimezaliwa nalo. Miaka yote tumelala kitanda kimoja hukuwahi kuja kuliazima."

Mzee Budeba akanyoosha mkono, akafunga kidirisha. "Inatosha, mama," akaninong'oneza. "Hii sasa ni ya kwao." Tukanywa chai iliyopoa tukitazama jiko la wadaiwa sugu.

Nilipowarudia, walikuwa wamekaa viti vilivyoachana, lakini mkoba ulikuwa kwenye kiti cha katikati, na barua ya fremu ilikuwa mezani. Mwajuma alikuwa amelia, na alikuwa amemaliza. Akaniuliza tunaanzia wapi.

Tulianzia kwenye mkoba. Ninyi mnaobaki mkipata mteja wa namna hii, msianze na mwanamume, anzeni na mkoba wa mkewe. Mwajuma alikuwa na kila hati ya madai iliyowahi kufika mlangoni kwake, na risiti ya kila senti iliyotumwa kuinyamazisha, zimefungwa kwa mpira wa tyubu kufuata miezi. Barua yake ilitaja siku fremu ilipofungwa, akataja na kilichokaa humo baadaye, magunia ya mkaa ya jirani, ambaye naye alikuwa tayari kuandika. Nilichukua ritani za Shinyanga mwaka mmoja mmoja, wa zamani kwanza, kwa sababu ukianza na wa karibuni salio linalobebwa mwaka hadi mwaka linakuvuruga. Kila mwaka nikaambatisha uthibitisho wake, wala sikuurundika wote kwenye mwaka wa mwisho kama wengi wenu mnavyopenda. Kisha za Dutwa, zile zile zilivyo, ila chini ya namba ya Rajabu. Mambo yalikwenda na kurudi kati yetu na Shinyanga kwa miezi kadhaa. Walirudisha ritani mara moja kwa kukosa ukurasa, na mara nyingine kwa kuwa na ukurasa uliozidi.

Mwisho wake, alicholipia duka lililofungwa kilihesabiwa kwenye kodi ya duka lililo wazi. Hakurudishiwa kitu, na hakudaiwa kitu kwa muda mrefu. Kufuli letu halikufika Dutwa. Mwajuma aliipangisha fremu ya Shinyanga kwa mtu baki, mwenye cherehani, akahamia Dutwa, akasimama kaunta. Nasikia kaka mkubwa alikuja mara moja. Aliondoka na tairi, na alilipia.

Barua yangu ya onyo ilifika pia, mistari minne, jina langu limekosewa. Niliipokea, nikaisaini, nikampa Mzee Budeba aiweke kwenye jalada langu. Aliifunga kwa uzi mpya.

Siku ya kufunga jalada la Masanja walikuja wote wawili, na baiskeli mbili. Fomu ya kufunga ni ya ukurasa mmoja. Inauliza sababu, nayo inakupa za kuchagua: amefariki, ameacha biashara, amehama, au 'nyingine, eleza'. Rajabu alikaa na kalamu muda mrefu. Nilimwambia asiharakishe. Nilimwona jinsi alivyoikodolea macho ile fomu, kama mtu anayemsindikiza ndugu kituo cha basi.

"Hajafa," akasema. "Biashara hajaacha. Wala hajahama."

Mwajuma akanyoosha mkono, akachukua kalamu. Aliandika kwenye ile nafasi ya mwisho, kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma shule ya watu wazima, akanigeuzia fomu. Nikasoma: *Mke wake amemkuta.*

Nikagonga mhuri, nikaipeleka kwa meneja. Naye aliisoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hii sababu ipo kwenye mwongozo, mama?"

"Ipo chini ya 'nyingine, eleza'."

Akafikiri kidogo, akatia sahihi.